Inchi Sabini na Tano

Wendelin Ndunguru alikuwa mtu wa kujisikia, na wala hakuficha. Akinunua koti jipya, atasali misa ya kwanza, halafu atarudi tena misa ya pili ili wale waliochelewa nao walione. Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo kavuna kahawa vizuri, kateremka Mbinga mjini, karudi na televisheni. Tena si hizi za kukaa juu ya kabati. Alikuja kasimama nyuma ya pikapu, kalikumbatia boksi katikati ya magodoro mawili, maana muuzaji alimwonya kwamba kitu hicho hakilazwi, na vumbi la njia nzima limemwishia usoni, yanaonekana meno tu.

"Inchi sabini na tano!" akatangaza kabla hata hajamsalimia mtu.

Gari halikuweza kufika kwake. Huko milimani, mbele kidogo ya Litembo, nyumba zimeshikilia mteremko, na njia ya kwenda kwa Wendelin inapanda katikati ya mibuni, inapita kwanza uani kwa kaka yake Urbani, ndipo ifike kwake juu. Wanaume wanne wakalibeba boksi. Wendelin akatangulia, anakunja matawi ya mibuni yasilikwaruze. Walipofika uani kwa Urbani akapunguza mwendo. Makusudi kabisa, msije mkamtetea.

Urbani alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Mkewe, Kunigunda, ndiye aliyetoka jikoni mbio, akashika kiuno.

"Yesu na Maria! Shemeji, ni kitanda hicho?"

"Televisheni, shemeji. Inchi sabini na tano," Wendelin akajibu, kwa sauti iliyokusudiwa masikio ya mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa, akaendelea kuchambua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Urbani ndiye aliyemlea Wendelin. Baba yao alipofariki, Wendelin alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Urbani ndiye aliyemsomesha, akamfundisha kupogoa mibuni, akasimama mbele ya padri siku mdogo wake anamwoa Ottilia. Kisha Wendelin akapata uwezo, akataka kujenga. Akachagua pale juu, penye tambarare kidogo, juu ya kichwa cha kaka yake, na hakumuuliza. Si kwamba alikataa kumuuliza. Alijiona mtu mzima, akaona atamwambia tu msingi ukishakamilika. Siku alipokwenda kumwambia, Urbani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ila mimi nimeshaisikia kwa fundi."

Basi. Tangu siku hiyo hakumwitikia tena shikamoo. Mwaka wa kwanza Wendelin alikuwa akipita pale uani asubuhi na jioni, "Shikamoo kaka," na kaka anaangalia mibuni. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa inamkaa mtu kooni kutwa nzima. Mwaka wa pili Wendelin naye akasema liwalo na liwe, akaacha kusalimia. Watu wa ukoo waliokuwa wamezoea sengu, yaani kula pamoja na kushauriana kama walivyofanya tangu enzi za babu, kwanza mkono wa mkubwa ndipo mikono ya wengine, wakaanza kula kila mtu kwake. Urbani akimzungumzia Wendelin alimwita "yule wa juu". Neno "mdogo wangu" likafutika kabisa kinywani mwake.

Televisheni ikafungwa. Pamoja nayo Wendelin alikuwa ameleta spika tano na sabufa, vitu ambavyo muuzaji aliviita homu thieta, na sabufa hiyo ikinguruma vikombe vya Ottilia vilitetemeka kabatini. Mechi ya kwanza nyumba ilijaa hadi kibarazani. Watu walipiga miluzi kabla hata mpira haujaanza. Uwanja ulionekana wote, majani yake unayahesabu! Wendelin alikuwa anazunguka na rimoti mkononi kama askofu na fimbo yake, anauliza kila mtu, "Unaona vizuri hapo? Unaona?"

Lakini kilikuwepo kiti kimoja, sofa la peke yake, la mbele kabisa. Hilo hakutaka mtu alikalie.

"Bovu hilo," alisema. "Mguu umelegea."

Ottilia alimtazama. Sofa lilikuwa zima. Na mke wake alikwishaona kwamba kila mlango ukilia, Wendelin anageuka haraka, halafu anarudisha macho kwenye televisheni akiwa kanywea.

Siku moja jioni Ottilia alitoka kuanua nguo. Akarudi ndani anacheka kimya kimya, akamvuta mume wake hadi jikoni.

"Baba Henry," alimwita hivyo kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "kaka yako leo kaipa barabara mgongo."

"Una maana gani?"

"Maisha yake yote kigoda chake kinatazama barabarani, aone nani anapita. Leo kinatazama huku juu. Kinatazama dirisha letu."

Wendelin akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akachungulia kwenye mibuni. Kweli bwana! Dirisha la sebule lilikuwa kubwa, la vioo, linaanzia karibu na sakafu, maana Wendelin hafanyi kitu kidogo. Na televisheni ilikuwa kubwa kiasi kwamba kutoka pale uani kwa Urbani, mwendo wa jiwe moja la kurushwa, rangi zilionekana wazi. Urbani alikuwa amekaa, shingo kaipinda upande kama kuku anayesikiliza, anajaribu kuona upande wa pili wa uwanja ulioliwa na ukuta.

Wendelin alirudi ndani. Angeweza kwenda kumwita pale pale. Mguu ulitaka, lakini kiburi hakikutaka. Akifika akanyamaziwa tena, je? Mbele ya shemeji? Hapana, hilo hapana.

Kesho yake asubuhi akaigeuza televisheni. Akaiinua mezani kwa matofali mawili, akaielekeza dirishani, mapazia akayafunga fundo. Spika moja akaitoa nje, akaiweka ukingoni mwa kibaraza, mdomo wake unatazama chini.

Wageni walipokuja wakalalamika. "Wendelin, mbona tunaangalia kwa kuibia? Shingo zinatuuma!"

"Mwanga wa taa unaakisi kwenye kioo," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa."

"Na spika ya nje?"

"Ndani inaumiza masikio."

Uongo mtupu, na alikuwa akiusema kwa raha. Kila mechi ilipoanza, alisogea dirishani akijifanya anapunga upepo, akachungulia chini. Kigoda kipo. Shingo sasa imenyooka. Wendelin akawa anajaa kifua kuliko siku aliyoishusha televisheni kwenye pikapu. Nyumba nzima ilimsifu, na sifa alizipenda, asingezikataa. Lakini hata zikikusanywa zote, hazikufika kwenye ile shingo iliyonyooka.

Ikaja mechi ya watani. Wendelin ni Simba wa kufa, Urbani ni Yanga tangu ujana wake, na zamani walikuwa wakiisikiliza pamoja kwenye redio moja, wanatukanana kwa mapenzi. Siku hiyo alikuwepo pia Hamphrey, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka mwambao wa ziwa, ambaye akipandisha mzigo wake milimani hulala kwa Wendelin. Hamphrey ni mtu wa maneno, Mwanglikana aliyezoea kuwatania Wamatengo kwamba wanaishi mawinguni na bado hawajamwona Mungu. Mambo ya Wendelin na kaka yake hakuyajua hata kidogo.

Kipindi cha pili kilikuwa kimekolea, bado sifuri kwa sifuri, ukungu ulipoanza kupanda. Watu wa milimani mnaujua. Hauji kwa hodi. Ulimeza mibuni, ukameza ua wa Urbani, ukajaa dirishani mweupe kabisa, na manyunyu nyuma yake. Wendelin akaanza kutapatapa. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Kaa chini, mwenye nyumba, unatuziba!" wakampigia kelele.

Hamphrey, kwa wema wake, akanyanyuka. "Nyie watu wa milimani mtaua mali. Spika inanyeshewa!" Akatoka, akaiingiza ndani ile spika, na dirisha akalisukuma, likajifunga pwaa.

"Hamphrey, acha hiyo!" Wendelin akafoka, na kabla hajafika dirishani, nyumba ikalipuka.

"Gooo!"

Nusu ya watu wakaruka juu, nusu wakashika vichwa. Viti vilianguka. Kikombe kimoja cha Ottilia kikaenda zake. Zogo lilipopungua kidogo, watu wakivuta pumzi ili waanze upya, ikasikika sauti kutoka chini, nzito, ya mtu aliyezidiwa uvumilivu.

"We Wendelin! Nani kafunga?"

Sebule ikatulia tuli. Hata waliokuwa wakishangilia waliishusha mikono. Wote walijua ni sauti ya nani, isipokuwa Hamphrey, aliyefungua mdomo amjibu. Ottilia akamfinya, akaufunga.

Wendelin alisimama katikati ya sebule yake, machozi yanamlenga na jeuri inamtekenya. Jina lake! Kaka kalitaja jina lake. Angeweza kufungua dirisha na kujibu, ikaishia hapo, naye akabaki juu na kaka akabaki chini. Na kama ni kumsalimia, atamsalimiaje akiwa juu? Nani aliwahi kumpa mkubwa wake shikamoo ya kumrushia kutoka juu ya kichwa chake?

Akaiacha rimoti kwenye sofa la mbele. Akatoka kwenye manyunyu, kichwa wazi, akaanza kushuka. Kule nyuma watu waliziba dirisha, na mpira ukawa unachezwa wenyewe.

Hakufika uani. Katikati ya njia, penye ukungu mzito, alisikia mtu anahema akipanda. Wakatokeana ghafla, karibu wagongane. Urbani alikuwa amekikumbatia kigoda chake.

Wendelin akashuka hatua mbili zaidi, akampita, mpaka akasimama chini ya kaka yake. Ndipo akasema.

"Shikamoo kaka."

Manyunyu yalikuwa yanapiga majani ya mibuni. Urbani akamtazama mdogo wake aliyelowa, akamtazama sana.

"Marahaba," akasema. "Nimekuuliza nani kafunga, hukujibu."

"Njoo uone mwenyewe, kaka. Wanalirudiarudia."

"Nilikuwa naona vizuri mpaka huu ukungu."

Wendelin akainamisha macho. "Nilidhani hujui."

"Sijui nini? Siku ya kwanza nilikuwa naona nusu ya uwanja. Siku ya pili nikauona wote, na matangazo nayasikia. Televisheni haijigeuzi, Wendelin. Nilikaa pale nikasema, eh, leo kanifikiria." Akakihamishia kigoda kwapa la pili. "Ungekuja tu kuniambia unajenga. Mawe ningekubebea mimi."

"Nilikosa, kaka. Nilikosa kabisa."

"Basi twende, mpira utaisha."

Wakapanda, mkubwa mbele. Walipoingia, watu wote wakanyanyuka, "Shikamoo mzee, shikamoo," na Urbani akawaitikia mmoja mmoja, taratibu, kama vile anaingia hapo kila siku. Wendelin akalifuta sofa la mbele kwa mkono wa shati lake.

"Kaa hapa, kaka."

"Hilo si bovu?" Hamphrey akauliza.

"Limepona," akasema Ottilia.

Urbani akakaa. Akaitazama televisheni, akayatazama matofali yaliyo chini yake, akazitazama shingo za wageni zilizopinda. "Iwekeni sawasawa," akaamuru. "Mnawavunja watu shingo bure." Wanne wakaigeuza, ikakaa katikati, ikajaa ukuta. Goli likarudiwa. Wenye kucheka walicheka na wenye kununa walinuna, na mmoja wa ndugu wale wawili alimchapa mwenzake begani hadi rimoti ikamdondoka.

Ottilia akaleta maji. Akamnawisha Urbani kwanza. Ugali ukawekwa, na usipa wa Hamphrey, na wote wakangoja mpaka mkono wa Urbani ulipotangulia kwenye sahani.

Ukungu wa kule hauna adabu ya kuja, na hauna ya kuondoka. Walikuwa bado wanakula ulipofumuka ghafla, na kutoka chini ikapanda sauti kali ya Kunigunda.

"Nyie watu! Nani kaigeuza hiyo televisheni? Nilikuwa naangalia!"

Wakavunjika mbavu. Kumbe shemeji naye, mlangoni mwa jiko! Wendelin alitaka kunyanyuka, lakini Urbani alimzuia kwa mkono wake wenye ugali. Akaenda mwenyewe dirishani, akalifungua wazi, akajaza kifua, akatangaza kwa mteremko mzima.

"Acha kuibia toka jikoni, mama! Panda huku kwetu! Inchi sabini na tano hii, ya mdogo wangu!"

Wendelin akageukia ukutani, akajifanya anatafuta rimoti, na rimoti ilikuwa mkononi mwake.