Hita Nyuma ya Kitanda

Mutai alipousoma ujumbe wa bosi wake alidhani Cyrus amekosea kuandika. "Leo nenda kafanyie hita sevisi, boti ya Brandon." Ilikuwa Septemba. Alikuwa amesimama nje ya nyumba yao kule Muaither akisubiri gari la kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tayari shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akapiga simu.

"Bosi, ni hita ama AC?"

"Hita," Cyrus akasema. "Ya dizeli. Ile inapasha chumba joto."

"Joto? Hapa Doha?"

"Mutai, mwenyewe ni wa Uskoti. Anarudi wiki ijayo achukue boti yake, apitie Uturuki, halafu aende huko kwao kwenye baridi. Anataka hita iwe sawa. Na ukifika, nipigie picha geji ya tangi. Tangu Juni dizeli inapungua, sasa imepita lita mia. Mlinzi wa mchana ndiye anajua imeenda wapi."

Mutai alimjua huyo mlinzi. Aliitwa Dominiko, Mganda kutoka Masaka, mtu mzima mwenye watoto wanne, na katika miaka minne ambayo Mutai alikuwa fundi wa injini za boti kwenye gereji ya Al Wakrah, hakuwahi kumsikia Dominiko akiomba hata chupa ya maji.

Alimkuta getini na daftari lake la wageni. Kwa kawaida wangeuliziana habari za nyumbani. Siku hiyo Dominiko alimsukumia daftari asaini, kisha akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nne.

"Soma, ssebo," akasema, akimwita bwana kwa Kiganda. "Wewe unajua Kiingereza chao."

Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema mafuta yamepotea wakati wa zamu yake, na kwamba kuanzia Jumapili atahamishiwa bohari moja nje ya mji.

"Niliibaje?" Dominiko akauliza. "Nibebe dizeli kwa kofia? Kila jioni wananipekua hapa getini."

"Mimi sijasema umeiba, mzee."

"Bosi wako amesema." Akaikunja tena ile barua. "Tena nikuambie. Hiyo boti inatoa moshi. Hapa ubavuni. Nilimwambia supavaiza wangu mara mbili. Akaniuliza kama nimelala juani."

"Moshi, na injini imezimwa?"

"Injini imezimwa. Hakuna mtu ndani."

Walitembea pamoja mpaka mwisho wa gati. Boti ilikuwa imetulia, nyeupe, mlingoti mrefu, tanga limekunjwa na kufunikwa. Ubavuni, karibu na nyuma, palikuwa na tundu dogo la bomba, na chini yake doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Mutai alipitisha kidole. Masizi. Aliangalia lile tundu kwa muda na hakuelewa. Bomba la injini lilikuwa upande mwingine kabisa.

Dominiko akamfungulia mlango, akarudi getini.

Ndani palikuwa baridi kama kwenye bucha. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa digrii kumi na nane, kwa sababu Brandon hakutaka mbao zake ziharibike na joto la kiangazi. Mutai alishuka ngazi, akaingia chumba cha nyuma cha kulala, na hapo akasimama. Kichwa kilikuwa kinasikia baridi. Miguu ilikuwa inasikia joto. Alijishika shingo kama anavyopimwa mtoto homa. Akakaa kitandani, akanywa maji, akangoja. Hali haikubadilika: juu baridi, chini joto.

Aliamua kwamba kiyoyozi ni kibovu, na hilo angelishughulikia baadaye. Maagizo ya Brandon yalisema hita iko nyuma, upande wa kushoto. Basi akarudi juu, akafungua sanduku kubwa la upande wa kushoto wa usukani, akaanza kutoa vitu: kamba, maboya ya mpira, nanga ya akiba, hema, ndoo tatu moja ndani ya nyingine. Jua lilikuwa limeshapanda. Alipomaliza akaingia ndani ya sanduku lenyewe akiwa na tochi. Cyrus alimtuma yeye siku zote kwenye kazi za namna hii kwa sababu alikuwa mwembamba. Aliona nyaya za usukani, aliona mabomba ya maji. Hita hakuiona.

Alimpigia Brandon, ambaye kwao ilikuwa bado alfajiri.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuiona," Brandon akamwambia kwa sauti ya usingizi. "Aliyeniuzia boti ndiye aliniambia iko kushoto ukiingia chumbani."

"Ukiingia chumbani unaelekea nyuma au mbele?"

"Nyuma," Brandon akasema.

Mutai alifumba macho. Mtu anayeelekea nyuma, kushoto kwake ni kulia kwa boti. Alirudisha kamba, maboya, nanga, hema na ndoo, akashuka tena kwenye ile baridi.

Upande huo hapakuwa na sanduku wala mlango. Palikuwa na kitanda, na nyuma ya kitanda ukuta wa mbao uliopigwa vanishi vizuri sana, bila mshono. Alitoa godoro. Aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ndipo aliposikia kitu kingine: ti, ti, ti, kama saa ya ukutani, ila si kwa mpangilio. Kilisita, kikaharakisha, kikasita tena. Alitafuta saa chumbani. Hapakuwa na saa.

Aliweka kiganja ukutani akakitoa upesi. Ubao ulikuwa wa moto.

Skrubu zilikuwa zimefichwa chini ya vipande vidogo vya mbao, nane kwa jumla, na ya mwisho ilikuwa imeliwa na kutu mpaka akaitoboa kwa drili. Ubao uliposogea, hewa ya moto ilimpiga usoni pamoja na harufu ya dizeli iliyoungua. Tundu lilikuwa dogo. Aliingiza mkono mmoja, kichwa, halafu bega kwa kulazimisha, mpaka ikabaki miguu tu nje. Mbele ya pua yake kulikuwa na mashine ndogo, fupi kuliko mkono wake, ikivuma. Chini yake pampu ndogo ya mafuta ilikuwa inagonga, ti, ti, ti.

Hita ilikuwa inawaka.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba ameiwasha yeye kwa bahati mbaya. Alilala pale, kifua kimebanwa, akihesabu kila kitu alichogusa tangu asubuhi. Hakugusa swichi hata moja. Alijitoa kinyumenyume akampigia Cyrus.

"Bosi, hita inawaka."

"Nani amekuambia uiwashe kabla ya kuisafisha?"

"Sijaiwasha."

"Basi nani?"

"Sijui."

"Mutai, umekula asubuhi?"

Akakata simu. Alifuata waya unaotoka kwenye hita. Ulipita chini ya kitanda, ukapanda kando ya ngazi, ukaishia nyuma ya makoti ya mvua ambayo yalikuwa yametundikwa pale. Aliyasogeza. Palikuwa na kidude cha duara cha kuweka joto, na mshale wake ulikuwa kwenye ishirini na mbili.

Aliketi kwenye ngazi. Aliangalia ile ishirini na mbili, akaangalia kumi na nane ya kiyoyozi upande wa pili, na taratibu akili yake ikafunguka. Kidude kiliona chumba kimepoa, kikaiamuru hita iwake. Kiyoyozi kikaona joto linaingia, kikazidi kupuliza baridi. Tangu Brandon aliposafiri mwezi wa Juni akaacha kiyoyozi kinafanya kazi, mashine mbili zilikuwa zinapigana humu ndani usiku na mchana, bila mtu wa kuziamua.

Alitoka mbio mpaka getini.

"Mzee Dominiko, njoo. Njoo uone aliyekunywa dizeli."

Safari hii Dominiko hakutaka kuacha geti mpaka mwenzake alipokuja kumshikia. Mutai akazima hita, akauchomoa mpira wa mafuta kwenye tangi, akautumbukiza kwenye chupa ya lita moja aliyoijaza dizeli, akachora mstari kwa kalamu. Kisha akaiwasha tena. Walikaa chini wote wawili kuitazama chupa, kofia ya Dominiko ikiwa magotini. Baada ya saa moja mafuta yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya mstari.

"Hiyo ni saa moja," Mutai akasema. "Haiwaki muda wote, inapumzika. Lakini weka miezi mitatu."

Dominiko hakuruka wala kucheka. Alipangusa uso kwa mkono mzima. "Ule moshi," akasema. "Kumbe nilikuwa naona kweli."

Cyrus alifika saa tisa, baada ya kutumiwa video ambayo hakuiamini. Alishuka ngazi, akasoma kidude, akasoma kiyoyozi, akapinda mgongo akachungulia tunduni. Alipoinuka alikuwa na masizi kwenye paji la uso.

"Hita gani inawaka Septemba?" akauliza, na hakuwa anamuuliza mtu yeyote. Halafu akamgeukia mlinzi. "Dominiko, nilikosea. Nisamehe."

"Mudiri, uliniita mwizi mbele ya watu," Dominiko akasema kwa upole, akimwita meneja kwa Kiarabu. "Hapa tuko watatu tu."

Cyrus akatoa simu, akampigia supavaiza wa walinzi, akaweka spika. Alieleza yote kwa Kiingereza, polepole, na mwishoni akasema wazi kwamba hakuna aliyeiba, kwamba kosa ni lake. Supavaiza aliuliza mara mbili maana ya hita. Barua ingefutwa, akasema, ila Jumapili Dominiko lazima aende kule bohari, ratiba imeshapangwa. Baada ya wiki mbili angerudi gatini.

"Wiki mbili nitaweza," Dominiko akasema.

Bado kazi yenyewe haikuwa imefanyika. Jumamosi Mutai alirudi na msumeno mdogo na ruhusa ya Brandon, aliyekuwa ametuma ujumbe mrefu wa sauti kuomba radhi. Alikata mlango wa saizi ya sahani kubwa kwenye ule ukuta mzuri wa vanishi, akautia bawaba, ili fundi mwingine asije akateseka. Alitoa hita, akaifungua, akakuta imejaa masizi magumu ambayo aliyakwangua kwa bisibisi mpaka mchana.

Dominiko alishuka kumuaga, akainamia ile mashine iliyolazwa juu ya magazeti.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima uzito, akaigeuza huku na huku.

"Kadogo hivi," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. Kisha akamshikia Mutai tochi, naye akaanza kuirudisha mahali pake.