Majani ya Matanga

Kutoka angani, msiba wa Rwegoshora ulionekana kama ugonjwa. Setilaiti ilipopita juu ya kijiji cha Nyakatuntu, majani ya migomba yake yalikuwa yamekwisha kukatwa: mengine yametandikwa chini waombolezaji wakalie, mengine yameezekwa kwenye vibanda vya kuwakinga na jua. Picha ikaonyesha kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilichopukutika katikati ya vibanja vilivyonawiri. Kompyuta haijui kilio. Ilikipaka rangi nyekundu, na nyekundu kwenye ramani ya mradi wa kilimo maana yake ni mnyauko wa migomba, na dawa ya mnyauko ni kung'oa kibanja kizima.

Joanitha alipoiona rangi ile alishtuka. Marehemu alikuwa mume wa shangazi yake, Auleria, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya majani hayo siku ya mazishi, miezi miwili iliyopita, akalia mpaka sauti ikamkauka. Halafu ni yeye huyohuyo mtakwimu wa mradi, aliyeifundisha modeli ya kompyuta kutofautisha kibanja kigonjwa na kizima. Alizaliwa Nyaishozi, akakulia migombani, na katika maelfu ya picha alizoilisha kompyuta hakukumbuka hata mara moja kwamba huku kwao watu hufa. Aliona aibu. Aliona na hasira pia, ila hakujua amkasirikie nani.

Kikaoni wakubwa wa mradi walikuwa wameishika sentensi yake moja tu, kwamba modeli inapatia mara tisini na tano kati ya mia. Ile iliyofuata ikawapita. Mnyauko ulikuwa katika kibanja kimoja kati ya mia, kwa hiyo yale makosa machache yaliwaangukia karibu yote wenye migomba mizima; katika kila vibanja sita vyekundu, kimoja tu ndicho kilichougua kweli. Alijaribu kuwaeleza kwamba wingi wa data hauponyi kosa lililomo ndani yake, unalipa tu sura ya uhakika. Wakamwambia hesabu ni kazi yake na utekelezaji ni kazi yao.

Basi akatafuta njia ya kihesabu. Nyumba iliyofiwa katika siku za picha, alisema, tayari ina sababu ya majani yake kutoweka, na dalili ikishapata sababu yake hatuna haja ya kuitafutia nyingine. Vibanja vya wafiwa viondolewe kwenye orodha ya kung'olewa. Ofisi ikakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba yeye na Elpidius, bwana shamba wa kata, waanze kwa kukagua kimoja. Akachagua cha shangazi yake.

"Nikuulize bila ubaya," Elpidius alisema akiegesha pikipiki chini ya kilima. "Hii nyumba ingekuwa ya mtu mwingine, ungejua kwamba walifiwa?"

"Nimeomba waondolewe wafiwa wote."

"Nimesikia. Nauliza ungejua?"

Joanitha alivua kofia ya pikipiki. Jibu alilijua, na halikumpendeza.

Auleria aliwapokea mlangoni, kanga nyeusi kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia mnakuja kung'oa." Alilisema taratibu. "Mimi sina kingine. Watoto wako mjini na maisha yao. Hiki ndicho alichoniachia, nacho ndicho ninachokula. Na yeye mwenyewe amelala humo. Mkikifyeka nitabaki kumtazama jangwani?"

"Hatung'oi, shangazi. Kompyuta iliona majani ya matanga ikadhani ni ugonjwa."

Auleria alimtazama, kisha akacheka, kicheko kidogo kilichomshangaza yeye mwenyewe. "Hiyo kompyuta yenu haijawahi kufiwa?"

Joanitha naye akacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile kifua kikamlegea. Migomba ilikuwa imechipua upya, majani mapana ya kijani yamefunga anga. Elpidius alipopitisha panga lake motoni kuua vijidudu na kusema taratibu zinadai wakate mashina machache wahakikishe, Joanitha alimwambia kwa majivuno kidogo, "Kata yoyote utakayo."

Shina la kwanza lilikuwa jeupe ndani, likitiririsha maji safi. La pili hali kadhalika. La tatu lilikuwa kando ya kaburi, lina jani moja lililoanza kugeuka rangi nchani. Elpidius akalikata, akachuchumaa, akangoja. Polepole, kwenye nyama ya shina, vikatoka vitone vya ute wa njano.

Elpidius akakata ndizi moja kwenye mkungu wa mgomba uliokuwa kando yake. Ndani ilikuwa ya kahawia, alama ya mnyauko.

Joanitha aliyatazama makovu ya majani yaliyokatwa wakati wa msiba, akaelewa. Siku picha ilipopigwa kibanja hiki kilikuwa kizima. Huku mwanamume hangoji kuambiwa; akisikia kilio huchukua panga lake kwake, akaingia migombani kwa mfiwa kukata majani, maana ni fedheha kumuuliza mwenye msiba panga liko wapi. Na mnyauko husafiri kwenye makali ya panga. Yeye alikuwa amechukua msiba na ugonjwa kama matukio huru, yasiyojuana, la kwanza likiwepo la pili linapungua uzito. Ndiyo hatua ya kwanza wanayofundishwa watakwimu kuikagua, na yeye aliiruka kwa sababu ilimpa jibu alilolitaka. Msiba haukuwa udhuru wa ugonjwa. Ulikuwa mlango wake.

"Kwa hiyo kompyuta yenu ilisema kweli," Auleria alisema.

"Haikuwa kweli wakati ule, shangazi. Imekuwa kweli baadaye."

"Kwangu kuna tofauti?"

Joanitha alihisi uchungu wa mtu aliyeleta habari njema nyumbani kisha akainyang'anya kabla wenyewe hawajaimaliza.

"Shangazi, majani haya ya hapa kaburini alikata nani?"

Auleria alikuwa mkulima tangu utoto wake. Ute ule aliujua kuliko wote, na swali aliona linaelekea wapi. "Walikuja wengi," alisema. "Lakini hapa hakumwachia mtu. Alitoka Nyaishozi usiku, akafika hata majirani hawajakusanyika, akapasafisha pa kumlaza shemeji yake. Kaka yangu. Baba yako." Akamshika Joanitha mkono. "Mwambie bado ninamshukuru. Haya mengine asiyasikie, utamuua."

Elpidius alikuwa amesimama pembeni na panga lake, akisubiri kuambiwa. Joanitha akasogea hatua chache, akampigia baba yake. Ramani ilikuwa imekipaka kibanja cha baba yake huko Nyaishozi kijani, yaani kizima, naye hakuwahi kuitilia shaka rangi iliyompendeza. Baba yake, Gideon, alipokea huku upepo ukivuma kwenye simu.

"Nipigie baadaye, mama. Niko kwenye bodaboda, naelekea Ihanda. Mzee Methodius ametutoka."

"Baba, subiri. Panga umelibeba?"

"Swali gani hilo?" akauliza Gideon, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Sasa mtu anaendaje msibani mikono mitupu?"