Sindano Mbili za Fundi

Fundi cherehani alikaa upande upande kitini, tako la kulia likiwa juu juu. Tangu mwili wake uishiwe homoni ya kiume, kila baada ya wiki mbili alikuja zahanati kuchomwa sindano ya msuli.

"Nyumbani hali ikoje?" nesi aliuliza.

"Wiki ya kwanza, simba. Ya pili, hata kutunga uzi naona mlima. Juzi nimemfokea mama watoto kisa kijiko."

"Dawa inapanda, halafu inaporomoka. Daktari amekubali ujaribu njia nyingine." Akaweka mezani sindano mbili: ndefu ya msuli, na fupi, nyembamba, ya chini ya ngozi ya tumbo. "Hii ni dozi ndogo, kila wiki, haikupandishi na kukushusha sana. Labda patatokea uvimbe kidogo, utaisha. Na utajichoma mwenyewe, nyumbani."

Fundi akaitazama ile ndefu. Kwa miezi saba mkewe aliamini mumewe anatibiwa mgongo, na wao walikuwa na chumba kimoja na pazia. Ile ndefu ilimuuma lakini ilimtunzia siri.

"Fundi mzima unaogopa sindano?" nesi akamtania.

"Siyo sindano, dada."

Akakumbuka uso wa mkewe siku ile ya kijiko. Akachukua fupi.

Jumamosi asubuhi mkewe alipotoka kuanika nguo, fundi alijifuta tumbo kwa spiriti. Akavuta dawa polepole, maana ilikuwa nzito kama mafuta ya cherehani, akabadilisha ncha ya sindano. Hapo mkono ukafanya ulichozoea kwa miaka ishirini kila anaposhona kitambaa kigumu: ukaipitisha sindano kwenye nywele ili iteleze.

"We baba! Unajishona nini?"

Mkewe alikuwa amesimama penye pazia, beseni tupu mkononi.

Angeweza kusema ni vitamini. Ulimi ukakataa.

"Homoni za kiume zimenipungukia. Haukuwa mgongo. Niliogopa utaniona si mwanaume."

Mkewe akaliweka beseni chini, taratibu.

"Miezi saba najua umenichoka," alisema. "Nasuka, najipaka mafuta, unageukia ukutani. Nikasema basi, ana mwingine."

"Mwingine nimpe nini mimi?"

Mkewe akacheka bila kutaka, akajifuta macho kwa kanga. Kisha akaiona sindano.

"Na hiyo iliyopita kwenye hizo nywele zako, ndiyo unataka kujichoma? Tupa! Una nyingine?"

Fundi akafunga ncha mpya. Mkewe akapiga magoti, akamshika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Mbona mkono unatetemeka?"

"Wangu au wako?"

Mkewe akaitazama mikono yote miwili.

"Yote," akasema. "Haya, choma."