Msonge Uliovuka Mto na Bibi Ndani

Vijana wa ukoo walioko Kasulu walituma fundi na neno moja tu: nyumba mpya ya ukoo ijengwe pale uliposimama msonge wa mababu. Sasa pale ni wapi? Mzee Pasikali alishikilia kwamba msonge ulihamishwa ukaletwa kwake, hapa Kitahana, kando ya barabara. Dada yake Immakulata akaapa kwamba haukuwahi kuhama. Uliozea kwake, ng'ambo ya mto. Na Pasikali alikuwa na haja kweli. Paa lake lilivuja hata kuku walianza kumtazama kwa huruma.

Fundi Ridhiwani alisimama uani kwa Pasikali, vigingi kwapani. "Wazee wangu, mimi nachimba mtakapoafikiana."

Pasikali akamchungulia dada yake kwa pembe ya jicho. Alimjua tangu utotoni: Immakulata anavumilia njaa, siafu, hata mkwe mlevi, lakini hadithi ikikosewa mbele yake, hali wala halali mpaka ainyooshe.

"Mwaka ule wa kuhamia vijijini," Pasikali akaanza, "bibi yetu Niyibizi aligoma kutoka. Wanaume mia mbili wakaunyanyua msonge mzima mzima, na bibi ndani."

"Mia mbili wa wapi?" Immakulata akadakia. "Arobaini! Tena wawili walishika nyasi tu, wakijidai wanabeba."

"Haya, arobaini. Wakavuka mto, bibi anasonga ugali, hata chembe ya unga isimwagike."

"Muongo wewe! Yalikuwa maharage, na yalimwagika yote. Yakamuunguza mbebaji mmoja kisogo, akaachia, msonge ukazunguka mara tatu katikati ya maji!"

"Dada, si ulisimuliwa tu?"

"Nisimuliwe na nani? Nilikuwa ndani, nimekumbatia chungu! Tulipotuliwa, bibi akatoka kumwaga maji, akapiga yowe: 'Nani kaiba migomba yangu?'"

"Mkatuliwa wapi vile?" Pasikali akauliza, akikuna sikio kama mtu asiyejali.

"Hapa! Hapa hapa nilipo..." Immakulata akakanyaga ardhi kwa kisigino, kisha mdomo ukabaki wazi.

Fundi alikuwa ameshapigilia kigingi cha kwanza. "Mama kasema mwenyewe."

Pasikali alijaribu kuonyesha unyenyekevu, akashindwa. Meno yake yote matano yakatoka nje.

Immakulata akafunga kanga upya kiunoni. "Sawa, mdogo wangu, nyumba ya ukoo ni hapa. Na mkubwa wa ukoo ni mimi. Fundi, chumba cha mbele changu. Kile cha pembeni weka mbuzi wangu, kumi na tisa. Nahamia kabla plasta haijakauka."

Pasikali akakaa chini taratibu.

"Lakini dada," akasema, sauti imelainika ghafla, "kule ng'ambo kuna hewa nzuri mno."

"Hewa nimeshashiba," Immakulata akajibu, akimwonyesha fundi pa kuweka dirisha.