Mchanga, Mwekundu

Mwasiti alikuwa mzazi, arobaini yake haijatimia, siku alipokuta bahari kwenye stoo ya mumewe.

Nasema bahari kwa sababu sijui niseme nini kingine. Alikuwa anatafuta beseni la kukandia. Nyuma ya magunia ya mchele akaona chupa imelazwa juu ya nyasi kavu, na chupa yenyewe kioo chake hakionekani. Ilikuwa imevaa chaza na vikombe vya baharini toka kitako hadi shingoni, vimegandamana kama ukoko wa sufuria. Mwasiti alizaliwa Pangani, harufu ile aliijua kabla hajainama. Chaza hukaa kwenye nguzo za gati. Hawapandi lori kuja Tunduma kutazama foleni ya mpakani. Kitu cha baharini kikionekana huku juu, kwenye vumbi na baridi, kimeletwa, na aliyekileta ana haja nacho.

Kwao, mtoto anafundishwa mapema kwamba chupa iliyotoka chini ya maji haiokotwi. Aliyemo ndani yake hutoa mali, sikatai, lakini malipo yake ni kitu chenye pumzi.

"Baba Ikram, stoo kuna nini?" alimuuliza mumewe jioni ile.

Sufiani akajifanya anatafuta chaja ya simu. "Mzigo wa watu. Usiushike, na usimwambie mtu, hata Sabra."

Sabra ni dada yake Sufiani, aliyekuja kumlea mzazi. Kitu gani hicho cha kufichwa hata ndugu wa tumbo moja? Sufiani hakuwa mtu wa siri. Alikuwa msafirishaji wa mizigo, mcheka ovyo, aliyelia mbele ya wakunga siku Ikram alipozaliwa. Lakini wiki zile alikuwa akipokea simu nje, na mkewe akimtazama, yeye anatazama ukuta. Na Tunduma ya miaka ile mnaijua: mtu analala hana kitu, anaamka ana ghorofa, na majirani wanamhesabia watoto wake kuona nani kapungua. Mwasiti alikuwa akiyacheka maneno hayo. Sasa yalimrudia yote, moja moja.

Siku iliyofuata, alasiri, alisikia kwa masikio yake. Alikuwa chumbani ananyonyesha. Nje ya dirisha, Sufiani alikaa na mbia wake Osea Mbonile. Osea ni Mnyamwanga wa mumo humo, mtu wa mizaha, na kwake bidhaa yoyote ni binadamu. Sukari ni "huyu", saruji ni "huyu". Mwasiti alilijua hilo vizuri, ila hofu ikiingia mlangoni, akili hutokea dirishani.

"Mchanga hana bei, mukwai," Osea alisema, mukwai kwao ikiwa ni "bwana". "Kule kusini wanamzamisha kwanza. Anakaa chini, kwenye giza na ubaridi, hasumbuliwi na mtu. Mwaka ukiisha, matajiri wanampigania."

"Tena mwekundu," Sufiani akajibu kwa sauti ya chini. "Lakini mama Ikram asijue kabisa."

"Jumamosi basi. Kwa Bugalama, mtoni, kule bondeni chini ya Ndalambo."

Mwasiti alimtazama mtoto kifuani. Ikram alikuwa mchanga. Ikram alikuwa bado na ule wekundu wa kuzaliwa, hata Sabra alimwita "mwekundu wangu". Alimkumbatia kwa nguvu mpaka chuchu ikamtoka mtoto mdomoni.

Angemwambia nani? Kwao ni mbali, na Sabra ni damu ya Sufiani. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo hakumweka mtoto chini. Alikula naye, alikwenda msalani akiwa amemfunga kifuani, na Sufiani akinyoosha mikono kumpokea, alisema kalala, kacheua, anaumwa tumbo. Usiku alikaa macho wazi, anasoma Ayatul Kursiy, akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Na mwili si chuma. Jumamosi asubuhi Sabra alimkanda maji ya moto, akamnywesha uji wa pilipili manga, na usingizi ukamkamata pale pale kitandani.

Alipozinduka, kifua chake kilikuwa chepesi. Kitanda kitupu. Blanketi la waridi la Ikram halipo.

"Sabra!"

Akarukia dirishani. Sufiani na Osea walikuwa wanapakia tenga nyuma ya pikapu, na tenga limefunikwa na blanketi lile la waridi. Sufiani alilishika kwa chini, kwa mikono miwili, taratibu.

"Angalia shingo, bwana," Osea alisema. "Asivunjike shingo kabla hatujafika."

Mwasiti alipiga yowe, lakini pikapu ilikwisha kuwashwa. Alitoka mbio peku hadi barabarani, akamrukia nyuma mwendesha bodaboda mmoja, Ayoub, aliyekuwa anafuta kioo chake.

"Ndalambo! Mtoni kwa Bugalama! Mwanangu anauawa!"

Ayoub hakuuliza nauli. Njia nzima vumbi, mashimo, na kila shimo lilimchoma Mwasiti mahali ambapo hapajapona. Maziwa yalimtoka yenyewe, yakalowanisha gauni mpaka kiunoni. Aliogopa kufika akachelewa, na aliogopa kufika akaona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tunasimulia tu.

Bugalama ni Msukuma mfugaji, ng'ombe wake hunywa kwenye bwawa lile la mto Momba. Alikuwa amesimama ukingoni na fimbo, anatazama maji. Osea na Sufiani walikuwa wanateremsha tenga kwa kamba, jiwe limefungwa chini yake. Mwasiti aliliona blanketi la waridi likivimba, likilowa, likizama.

Hakuita mtu. Alipita katikati yao na kujitupa majini.

Nyuma yake sauti mbili zilipigwa kwa pamoja. Moja ilisema, "Chupa!" Nyingine ilisema, "Mamba!"

Maji yalimfika kifuani. Alilikumbatia tenga, akapasua blanketi kwa kucha, akaingiza mkono kutafuta kichwa cha mwanawe. Akashika shingo. Ngumu, ya baridi. Akashika nyingine, na nyingine. Ng'ambo kitu kama gogo kilijisogeza kwenye tope, kikaingia majini bila kelele. Bugalama alikwisha kuingia, anapiga maji kwa fimbo na kupiga ukelele wa kuswagia ng'ombe, akamdaka Mwasiti kwapani na kumburuta na tenga lake mpaka nchi kavu. Chupa moja ilipasuka kwenye jiwe. Kitu chekundu kikammwagikia kifuani, kikachanganyika na maziwa, na Mwasiti akalia kilio kilichowafanya ng'ombe wote wainue vichwa.

"Si damu!" Sufiani alimpigia magoti. "Mvinyo, mke wangu. Mvinyo mchanga wa Dodoma. Dereva mmoja wa kusini aliniachia ile chupa ya stoo, waliyoizamisha baharini, akasema inauzwa kama dhahabu. Sisi bahari hatuna, tukasema maji ni maji. Nilikuonea haya. Baba yako mwalimu wa chuo cha Kurani, mimi naweka pombe stoo! Blanketi nililichukua chupa zisigongane, usisikie."

"Ikram yuko wapi?"

"Si yuko nyumbani na Sabra?"

Simu ilipigwa. Sabra alikuwa kwa jirani Elina; alimtoa mtoto ili mama yake alale. Na nyuma ya sauti yake Ikram alikuwa analia, analia kwa njaa, kwa hasira, kwa afya. Mwasiti aliibana simu sikioni mpaka salio likaisha. Osea alianza kucheka, akamtazama, akaacha.

Sufiani aliketi kwenye majani. Macho yalikuwa yamemjaa. "Ulidhani naweza kumzamisha mwanangu?"

Aliumia, na Mwasiti aliona kwamba ameumia. Haya ikampanda. Alikwisha kufungua mdomo amwombe radhi, kisha akawatazama wanaume wale. Bugalama alikuwa analoweka majani, maji yanamchuruzika kutoka kifuani. Osea alikuwa amelowa hadi vifundo vya miguu. Viatu vya Sufiani vilikuwa vikavu.

"Nilipoingia majini," Mwasiti akasema, "ulisema nini?"

"Nilikuita."

"Uliniitaje?"

Sufiani alitazama mto. Mwasiti akamgeukia Bugalama.

"Alisema chupa, mama," Bugalama akajibu. "Mamba nilisema mimi."

Mwasiti alilikamua blanketi, akalikunja, akamwambia Ayoub awashe pikipiki, kwa maana mtoto alikuwa na njaa.