Mzizi Nyuma ya Maporomoko

Katika milima ya Kiso, nchini Japani, mtu yuko radhi akuonyeshe akiba yake ya benki kuliko kukuonyesha mahali anapochuma matsutake, ule uyoga wa misonobari. Tetsuo alimficha hata mkewe, Fumie, miaka yote ya ndoa. Alimwambia alipokuwa mahututi, amemshika mkono, akiapa kwamba hakuna mwingine aliyepata kujua. Tangu awe mjane, Fumie aliishi na kiapo hicho, na kilimtosha.

Lakini magoti hayana adabu. Vuli hii yaligoma, na hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Akaamua kumpa Sanae, shoga yake tangu utotoni, aliyemlilia Tetsuo kuliko hata ndugu zake. Walipanda asubuhi, kengele za kufukuzia dubu zikilia viunoni, wakapita maporomoko mawili ya kwanza, Sanae akimtania kwamba anatembea kama kabati linalohamishwa. Sanae alisema hajawahi kufika huku. Fumie alicheka, akajiona tajiri, kwa kuwa alikuwa na kitu cha kumpa mtu.

Penye maporomoko ya tatu njia hukatika. Mbele ni mwamba na maji tu, na kila mgeni hurudi alikotoka. Fumie aliinama kufunga kamba ya kiatu kabla ya kuanza kuelekeza. Alipoinua kichwa, Sanae alikuwa ameshapenyeza mkono nyuma ya jiwe la kulia, bila hata kutazama, akaukamata mzizi usioonekana kwa nje, kama mtu anayewasha taa chumbani kwake. Kisha akaganda.

"Alikuleta lini?" Fumie akauliza.

"Shoga, hayo ya zamani. Twende."

"Nimekuuliza lini."

Sanae hakuuachia mzizi. "Kila vuli," akasema. "Mpaka alipougua."

Kila vuli. Na kila vuli Fumie alimpokea mumewe mlangoni, akampangusa majani ya misonobari mgongoni, akimhurumia kwa kuhangaika porini peke yake. Kisha alipika wali wa uyoga, akamwita Sanae aje ale. Na Sanae alikuja, akala, akasifu, akauliza huo uyoga wanautoa wapi.

Hakumtukana. Aligeuka akateremka, magoti yakimlilia, na Sanae akimfuata kwa mbali akimwita. Chini kwenye kituo cha basi kulikuwa na kundi la watalii kutoka Nagoya, wakila matonge yao ya wali. Fumie akawasalimu kwa heshima, akawauliza kama wanapenda matsutake.

"Maporomoko ya tatu," akawaambia. "Nyuma ya jiwe la kulia kuna mzizi. Ushikeni, mjivute ndani."

Sanae alifika akihema. "Fumie, hiyo si siri ya Tetsuo?"

"Ilikuwa yenu," Fumie akasema, akaendelea kuwaelekeza wageni wake.