Hita ya Bi Ozite

Kwetu Lake Charles hita ya nyumba ni kitu cha kukaa bure. Miezi tisa kiyoyozi ndicho kinachohangaika, kinanguruma mchana kutwa kukamua unyevu hewani, na hita imejikalia chini yake kwenye stoo ya korido ikingoja baridi ambayo huenda ikaja Januari, huenda isije. Kwa hiyo hakuna anayeikumbuka. Baridi ikiingia tunaiwasha, vumbi la mwaka mzima linaungua, nyumba inanuka, tunafungua madirisha na kutetemeka kidogo, kisha tunabandika sufuria la gumbo, mchuzi wetu mzito wa siku za baridi. Harufu ile hatuiogopi hata kidogo. Mgeni ndiye anayetaka kuita zimamoto.

Mwaka huu baridi ilinikuta nimeshachoka. Napika kwenye shule ya msingi, nafika jikoni kabla jua halijatoka, nikimaliza naenda kwa mama. Mama yangu ni Bi Ozite Guillory, ana miaka themanini na moja, na akili zilikuwa zimeanza kumtoka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Aliacha bomba la bafuni wazi hadi maji yakafika sebuleni. Ferdie, mdogo wangu, anayekaa Houston na kutulea kwa simu, alimtafutia miadi ya Februari kwa daktari wa ubongo. Nikasema sawa, lakini moyoni nilikuwa nimegoma. Nilijua daktari atasema neno gani, na sikulitaka neno hilo ndani ya nyumba ile.

Siku ya pili ya baridi nilimkuta mama amekaa kwenye sakafu ya jikoni, kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Aliniuliza kama nimeshafanya kazi za shule. Nina miaka hamsini na nane. Nikamtoa nje hadi barazani na blanketi, nikampigia simu fundi, Clovis Trahan, kwa sababu hita ilikuwa inawaka na kuzimika tangu jana na nilidhani mama amepigwa na baridi.

Clovis ni mtu mzito, anapumua kwa kelele akipiga magoti. Aliingia na kidude chake cha kupimia hewa, na hakikupita hata mlango wa korido kikaanza kulia. Akatoka mbio nisizozitegemea kwa mwili ule, akafunga gesi kwa nje, akaniambia nimpeleke mama hospitali sasa hivi, si baadaye. Huko wakamvika kinyago cha oksijeni. Nesi akanieleza kwamba moshi wa sumu unaotoka kwenye hita mbovu hauonekani wala haunuki, na kwamba ndiyo, unaweza kabisa kumvuruga mtu akili.

Hayo maneno niliyashika kwa mikono miwili.

Jioni mama alikuwa mzima. Alimjua kila mtu, akamtania nesi kwamba kinyago kile kinamfanya afanane na rubani. Nikalia kwenye maegesho ya magari, kwa furaha, na kwa uchovu pia. Basi kumbe ni hita. Mama yangu hajapungukiwa na kitu. Ni hita tu.

Kesho yake Clovis alinionyesha ubaya wenyewe. Kiyoyozi kinakaa juu ya hita, na katika joto letu hili kinatoa maji kama nguo iliyokamuliwa. Mrija wa kuyatoa nje uliziba zamani, maji yakawa yanadondokea chini, mwaka baada ya mwaka, hadi sanduku la chuma ambamo moto unawaka likaliwa na kutu na kupata ufa. Halafu mlango wa stoo. Baada ya kimbunga cha mwisho Ferdie aliziba matundu yake yote kwa plastiki ili unyevu usiingie na ubaridi wa kiyoyozi usipotee. Kila nyumba mtaani petu wamefanya hivyo. Hita ikakosa hewa ya kuchomea, ikawa inavuta ya korido na kurudisha sumu humo humo.

Akanipa hesabu zake tukiwa barazani. Kubadilisha sanduku peke yake ni zaidi ya dola elfu mbili, na chuma kingine chote kimeshaanza kuoza. Hita mpya ya gesi na kazi yake ni elfu tano. Lakini yeye angekuwa mimi, kwa hali ya hewa ya kwetu, angetoa vyote viwili na kuweka mashine moja ya umeme inayopoza kiangazi na kupasha wakati wa baridi. Haina moto ndani yake, haina moshi, na hapa hapana theluji ya kuishinda. Bei yake ilikuwa elfu tisa.

Nikamwambia aweke hiyo.

"Bi Earline, lala na hilo neno kwanza," akasema. "Watu wengi hapa wananunua vihita vidogo viwili vya umeme, wanavuka navyo baridi yote."

Nikamwambia sitaki kulala nalo.

Ferdie alipiga simu kabla hata fundi hajaondoka kwenye ua, nikamtajia bei. Elfu tisa, kwa baridi ya wiki mbili? Aliniambia nimerogwa. Nikamwambia hela ni zangu, nilikuwa naziweka kwa ajili ya meno yangu na meno yangu yatasubiri. Nikamweleza habari ya nesi, habari ya ufa, na plastiki yake, nikaitaja plastiki mara mbili ili imwingie. Kisha nikamwambia nimeshafuta ile miadi ya daktari wa ubongo. Tumeshamjua mwizi.

Nikamsikia anazima redio. Ferdie hazimi redio kwa ajili ya mtu, kwa hiyo nikajua linakuja jambo.

"Dada," akasema taratibu, "Julai tulikuwa tumewasha hita?"

Nikakata simu. Nilimkasirikia wiki nzima, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba aliuliza kwa upole. Bomba la bafuni lilikuwa la Julai. Kuitwa jina la marehemu dada yake kulianza kabla ya hapo, tukiwa tumekaa na feni mbili na kiyoyozi juu. Nilikuwa nayajua hayo yote. Niliyajua hata nilipokuwa nalia pale kwenye maegesho.

Mashine ikafungwa. Clovis aliziba bomba la gesi, akang'oa plastiki, akaweka mrija mpya wa maji na kunionyesha jinsi ya kuumwagia siki kila mwezi usizibe. Akafunga na king'ora cha kuonya hewa ya sumu ukutani bila kunidai. Baridi iliporudi nyumba ilikuwa na joto la kistaarabu, halina harufu, hata sikufungua dirisha. Mama alikaa siku mbili akili yake ipo kama zamani, anacheza karata na jirani, anamwibia waziwazi. Nikaanza kutembea wima. Nikampelekea Ferdie picha ya mama na karata zake, bila maneno.

Siku ya tatu tulikuwa mezani tunamenya kamba wa gumbo, mimi na yeye. Akasema, bila kuinua macho:

"Earline, ile mashine ya zamani haikuwa na kosa."

Nikamwambia ilikuwa na ufa mkubwa, nimeuona kwa macho yangu.

"Ufa ulikuwepo. Lakini mimi nilianza kabla. Pasaka nilitoka kanisani na gari, nikapotea hapa hapa, barabara niliyoipita miaka hamsini. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta hadi mtoto mmoja akanisomea anwani kwenye leseni yangu. Sikukuambia, maana ungeogopa. Nawe ukiogopa unanunua vitu."

Nikacheka, ikabidi. Akaendelea kumenya. Akasema joto ni zuri, anashukuru, miguu yake haijawahi kustarehe hivi wakati wa baridi. Lakini nimrudishe kwa yule daktari, haraka, angali anaweza kujibu maswali mwenyewe. Nikaahidi. Tukamaliza kumenya kamba.

Asubuhi nikapiga simu. Binti wa mapokezi alikuwa mpole. Akaniambia nafasi ya Februari ilichukuliwa siku ile ile niliyoiachia, na ya karibu iliyobaki ni ya mwisho wa Juni. Nikamuuliza kama hakuna lolote kabla ya hapo. Hakuna. Nikamwambia aiandike.

Nilikuwa nimesimama koridoni, hewa ya vuguvugu inatoka juu na kunishukia mabegani. Mama akatokea mlangoni na gauni lake la kulalia, akaniuliza nilikuwa naongea na nani.

"Na ofisi ya daktari, mama."

Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama jirani.

"Pole," akasema. "Kwenu anaumwa nani?"